Aksanti, mzee fundi wa asubuhi ya baridi

Mzee wetu, uliondoka bila kuacha hata jina. Aksanti sana.

Asubuhi za Juni na Julai hapa Lubumbashi ni baridi, na mazutu (dizeli ya gari) haiwaki hewa ya ndani ya silinda isipopata moto wa kutosha. Ulituonyesha kupima buji za kupasha moto, zile zinazopasha hewa ya silinda kabla injini haijawaka, moja moja: toa waya wake, kisha unganisha taa ndogo ya volti 12 kutoka chanya ya batri hadi kichwa cha buji. Taa isipowaka, buji imekufa. Mbili zikifa kati ya nne, injini inatikisika na kutoa moshi mweupe, na watu wanalaumu mazutu bure. Kuganda kwa mazutu ni shida ya nchi za theluji.

Batri iliyopumzika iwe na volti 12.6, na demareri (mota ya kuwashia injini) ikizungusha, isishuke chini ya 9.6. Zungusha sekunde 10, pumzisha dakika moja, la sivyo demareri itaungua.

Onyo lako kuhusu eta, dawa ya kupuliza ya kusaidia injini kuwaka, tunalirudia kwa kila dereva: usiipulize kwenye injini yenye buji za moto. Inalipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni.

Pesa ulizikataa. Mungu akubariki, Papa.