Jotoardhi ya Natron ipimwe kwa manufaa ya wakazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jotoardhi, nishati ambayo hapa nchini hutajwa karibu kila mara kwa habari ya umeme peke yake. Umeme wa mvuke huhitaji visima virefu na joto kali, ilhali mboga na nafaka hukaushika kwa maji ya nyuzi 60 hadi 90, na vijidudu hatari vya maziwa hufa kwa nyuzi 72 katika sekunde 15. Huko Naivasha, majirani zetu wa Kenya tayari hupasha vitalu nyumba vya maua kwa joto hilo.

Mkoa wetu wa Arusha una chemchemi za moto kandokando ya Ziwa Natron, jirani na Ol Doinyo Lengai, volkano iliyo hai. Naomba chemchemi hizo zifanyiwe tathmini, lakini si ya kuchovya kipimajoto na kuondoka. Upimwe wingi wa maji yanayotoka kwa sekunde, masika na kiangazi, pamoja na chumvi zilizomo, kwa maana floridi iliyoharibu meno ya watoto wetu wengi inatuonya kwamba maji ya aina hii hayafai kumwagwa ovyo, tena karibu na mazalia ya flamingo. Yakishatoa joto yarudishwe ardhini.

Joto halisafirishwi mbali kama umeme, hivyo wafugaji na wakulima wa vijiji jirani vya Engaresero na Pinyinyi waulizwe mahitaji yao kabla ya kisima chochote kuchimbwa.

Msomaji wako,
Njiro, Arusha