Msianze kumsoma August Wilson na mwaka 1904

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu August Wilson, Mmarekani mweusi aliyeandika tamthilia kumi, moja kwa kila muongo wa karne ya 20, inamshauri msomaji aanze na Gem of the Ocean, yenye matukio ya mwaka 1904, kisha apande muongo kwa muongo hadi Radio Golf ya 1997. Naomba kupinga. Ushauri huo unamharibia msomaji utamu wa kazi yenyewe.

Wilson hakuanza na ramani ya tamthilia kumi. Mwaka 1979 aliandika Jitney, ya miaka ya sabini, kuhusu madereva wa teksi za mtaani kwao, Hill District mjini Pittsburgh. Akaandika Fullerton Street, ya 1941, kisha akarudi nyuma hadi 1927 na Ma Rainey's Black Bottom. Hapo ndipo alipong'amua kwamba kila moja imeangukia muongo wake, akaamua kuimaliza karne. Muongo wa kwanza na wa mwisho aliubakiza hadi mwisho. Radio Golf ilipanda jukwaani Aprili 2005, naye akafariki tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo.

Mtazameni Aunt Ester, bibi anayesafisha roho za watu. Katika Two Trains Running, iliyoonyeshwa kwanza mwaka 1990, hatumwoni kabisa. Tunasikia tu kwamba anakaa nambari 1839, Wylie Avenue, ubishe mlango mwekundu. Hapokei malipo mkononi. Memphis, mwenye mkahawa, anaambiwa akatupe dola 20 mtoni. Katika King Hedley II, yenye matukio ya 1985, anafariki akiwa na miaka 366, bado hatujamwona. Ndipo Gem of the Ocean inamleta jukwaani, ana miaka 285. Toeni 285 kwenye 1904, au 366 kwenye 1985: zote zinawarudisha 1619, mwaka Waafrika waliotekwa walipofikishwa Virginia. Anayeanza na Gem anafunguliwa mlango kabla hajabisha.

Vikundi vinavyotaka kuigiza viangalie pia toleo. Jitney ya 1982 ni fupi kuliko ile aliyoiandika upya mwaka 1996. The Piano Lesson nayo, ambamo Boy Willie na dada yake Berniece wanagombania piano ya ukoo wao, mwanzoni ilimalizika taa zikizimwa Boy Willie akipigana na mzimu wa Sutter, mzungu ambaye ukoo wake uliwamiliki wazee wao utumwani, piano haijulikani itakuwa ya nani. Maonyesho ya mji baada ya mji yalimpa Wilson mwisho tulionao leo: Berniece, aliyekuwa hataki kuigusa piano hiyo, anaketi, anaipiga, anawaita wazee wake kwa majina.

Msomaji wenu,
Morogoro