Katuni za kusubiri mwaka huu, na zipi uwaletee watoto

Sinza, Dar es Salaam
Januari 2026

Shoga yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wanao wote wawili. Huku hatujambo, joto la Januari tu ndilo linalotunyanyasa. Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza katuni zipi za mwaka huu zinafaa kusubiriwa, ili ukija likizo uwapeleke watoto sinema bila kutupa hela, na kwa nini watu wanazigombania hivyo kabla hata hazijatoka. Kwa simu tungekatikiwa na salio katikati, bora nikuandikie.

Kwanza ujue ninavyozipima, kwani sipimi kama mashabiki wengi. Wao huangalia jina: hii ni ya ngapi, ya studio gani, nani katia sauti. Kwa mtoto wa kwetu swali la kwanza ni jingine: anayejua Kiswahili peke yake ataifuata kwa macho? Kwenye kumbi zetu hizi filamu huchezwa kwa Kiingereza. Mkubwa wako yuko darasa la sita, mengi atayakamata. Huyo wa miaka minne, mazungumzo yakizidi, ataanza "mama, amesemaje?", na ukishaanza kumtafsiria safu nzima inakugeukia.

Kipimo ni rahisi. Chukua trela, zima sauti kabisa, mwonyeshe mdogo, halafu mwambie akusimulie. Akikueleza nani anataka nini na nani anamzuia, filamu hiyo ina nafasi. Akikwambia "walikuwa wanaongea", iache, hata kama dunia nzima inaisifu. Na usimalize bando: trela ya dakika mbili na nusu ukiiweka kwenye ubora wa picha wa chini, 360p, inakula kama MB 10 hivi, ukiiacha kwenye ule wa juu, 1080p, inaweza kufika MB 50 na zaidi. Kwenye kioo cha simu mtoto haoni tofauti.

Ila trela nayo haiaminiki moja kwa moja. Katuni ya dakika 90 ni picha 24 kila sekunde, yaani picha 129,600. Haitengenezwi kwa kufuata hadithi kutoka mwanzo hadi mwisho. Hadithi nzima huchorwa kwanza kwa michoro ya haraka, ikawekewa sauti za muda, ikatazamwa, ikabomolewa, ikachorwa tena, na mzunguko huo hurudiwa mara nyingi. Sauti za waigizaji hurekodiwa kabla wahusika hawajachezeshwa, na mwanga na rangi za mwisho huja mwishoni kabisa. Sasa idara ya matangazo inataka kitu cha kuonyesha mwaka mzima kabla, na kilichokamilika ni vipande vichache tu. Vingine kati ya hivyo hukatwa baadaye, ndiyo maana watu hutoka ukumbini wakilalamika kwamba ile sehemu ya kwenye trela hawakuiona. Na kile kionjo kifupi kabisa cha mwanzo mara nyingine hutengenezwa kwa ajili ya tangazo peke yake. Kionjo cha The Incredibles cha 2003, yule baba shujaa akihangaika kufunga mkanda uliomkataa tumbo, ni kichekesho kilichotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Kwa hiyo kionjo kikupe ladha ya wahusika, hadithi usiitafute humo.

Tuje kwenye zenyewe. Inayongojwa kuliko zote likizo ya Juni ni Toy Story ya tano, ile ya midoli inayoishi watu wakigeuka, tarehe 19 Juni. Hapa mashabiki wamegawanyika vipande viwili. Kuna wanaosema hadithi iliisha mwaka 2010, Andy alipomkabidhi Bonnie midoli yake, na kwamba hata ile ya nne ya 2019 ilikuwa ya ziada. Wengine wanasema safari hii kuna jambo jipya: Bonnie anapata tableti yenye umbo la chura, iitwayo Lilypad, na midoli inabaki kujiuliza kama bado ina kazi. Mimi niko na hawa wa pili, lakini kwa sababu ambayo sioni ikitajwa sana. Mwongozaji ni Andrew Stanton, aliyeongoza Finding Nemo na WALL-E. Ile WALL-E ya 2008 inaanza kwa muda mrefu karibu bila maneno: roboti anafanya kazi zake, na mtoto yeyote wa dunia hii anaelewa. Mtu anayejua kusimulia kwa macho namna hiyo namwamini na mdogo wako. Halafu ugomvi wa mdoli na tableti nani asiyeujua? Nyumbani kwako unachezwa kila jioni.

Kabla ya hapo watazame ya kwanza hadi ya nne, kwa mpangilio: 1995, 1999, 2010, 2019. Ile Lightyear ya 2022 iruke, ni hadithi nyingine inayomhusu Buzz, yule mwanaanga, na itamchanganya mdogo. Muda ukikubana, ya pili usiiache, ndimo mdoli Jessie anamoingia, na safari hii ndiye anayebeba mzigo mkubwa. Ya tatu, mdogo uwe naye karibu: karibu na mwisho kuna tanuru la kuchomea taka, watoto huliogopa sana.

Tarehe 1 Julai inaingia Minions ya tatu. Watu wazima wanaokunja pua wameshaichoka sura ile ya njano, na siwalaumu. Lakini kwa kipimo changu hakuna inayoishinda. Lugha ya wale viumbe ni mchanganyiko wa maneno yaliyookotwa huku na huku, anayewatilia sauti ni Pierre Coffin, na ndiye pia anayeiongoza. Kwa kuwa maneno yao hayaeleweki na mtu, kila kichekesho lazima kifanyiwe kazi na mwili na uso. Mtoto wa Tandale na wa Paris wanakaa sawasawa. Angalia tu kalenda ya shule: Julai mosi ni Jumatano, na ikiwa shule ya wanao inafungua wiki hiyohiyo, mtaikosa hapa.

Wewe umetaja Shrek, lile zimwi la kijani. Hiyo iondoe kabisa kwenye hesabu za mwaka huu. Ilipangwa Julai 2026, ikasogezwa Desemba 2026, kisha ikasukumwa hadi 30 Juni 2027. Kelele ulizozisikia ni za kionjo cha Februari 2025, sura zilipoonekana zimebadilika na watu wakachachamaa. Wengi wanakumbusha habari ya Sonic, yule wa buluu wa mchezo wa video: trela ilitoka 2019, mashabiki wakayakataa yale meno na macho madogo, studio ikamchora upya na filamu ikahama kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020. Ni kweli, lakini Sonic alikuwa katuni kati ya watu halisi, kwa hiyo kazi kubwa ya picha za kamera ilibaki palepale. Kwenye katuni kamili, ukibadilisha uso wa mhusika mkuu unabadilisha mifupa ya ndani ya kompyuta inayomchezesha, na kila tukio lililokwisha kuchezeshwa linabidi lipitiwe. Si jambo la wiki mbili. Kwa wanao wala si hasara sana. Shrek anategemea utani wa maneno na ngano za Ulaya. Mtoto asiyewajua wale nguruwe watatu wala kile kidakuzi kinachoongea atacheka anapoanguka mtu, basi.

Mkubwa yeye anataka Spider-Man ya kuchora. Mwambie avute subira. Across the Spider-Verse ya 2023 ina dakika 140 na inakatika katikati ya hadithi. Mwendelezo wake ulitangazwa kwa Machi 2024, ukaondolewa kwenye ratiba, na sasa umewekwa 2027. Mashabiki wanasaga meno. Mimi naona afadhali uchelewe kuliko utoke na michoro ya kuunga-unga, kwani pale uzuri wa hadithi umo ndani ya mchoro wenyewe, kila ulimwengu na wino wake.

Na hapa niseme neno juu ya ucheleweshaji, kwa kuwa watu hukimbilia kusema "imeharibika hiyo". Kuchelewa peke yake hakukwambii kitu. Toy Story ya pili hadithi yake ilivunjwa na kujengwa upya ikiwa imebaki miezi kama tisa, na ikatoka nzuri ajabu. Cha kuangalia ni kuchelewa kukiambatana na kubadilishwa mwongozaji, na trela ya pili isiyofanana na ya kwanza. Elio, ya studio ileile ya Toy Story, Pixar, ilikuwa na dalili zote hizo: ikahama kutoka Machi 2024 hadi Juni 2025, mwongozaji akabadilishwa, na wiki yake ya kwanza Marekani ikaingiza kama dola milioni 21 tu, mwanzo mbovu kuliko wote katika historia ya Pixar. Sikwambii filamu yenyewe ni mbaya, ina moyo. Lakini haohao wanaopiga kelele kila siku kwamba wanataka hadithi mpya hawakwenda, na mwaka mmoja kabla walikuwa wameipa Inside Out ya pili karibu dola bilioni 1.7. Halafu wanashangaa kwa nini kila bango lina namba.

Mpya za mwaka huu zipo, ila zimeangukia vibaya kwa kalenda yetu. GOAT inatoka 13 Februari, mbuzi mdogo anayetaka kucheza mchezo kama mpira wa kikapu na wanyama wakubwa kumzidi mara kumi. Stephen Curry, nyota wa kikapu wa Marekani, ni mmoja wa watayarishaji. Mpira hauhitaji mkalimani, kwa hiyo kwa macho inapita. Hoppers ya Pixar inatoka 6 Machi, katikati ya Ramadhani, kwa hiyo kwa nyumba nyingi za huku itakuwa ya sikukuu ya Idd, kama bado itakuwa ukumbini. Msichana anahamishia akili yake ndani ya biva wa roboti ili aongee na wanyama. Biva ni yule mnyama wa mito ya Amerika na Ulaya anayetafuna miti kwa meno na kujenga bwawa, mkia wake bapa. Wanao hawajamwona, waonyeshe picha kwanza. Hii ni ya mkubwa. Wazo lenyewe, mtu ndani ya roboti ndani ya umbo la mnyama, ni zito kwa wa miaka minne.

Mario ya pili, ile iliyotokana na mchezo wa video, inakuja mwanzoni mwa Aprili, majira ya Pasaka. Ya kwanza, 2023, wahakiki waliiponda na watoto wakaipenda, ikavuka dola bilioni 1.3. Ilikuwa dakika 92, rangi tele, kukimbia na kuruka. Sitarajii hadithi nzito, na mtoto wa miaka minne haihitaji. Hata asiyewahi kushika ule mchezo atafuata.

Jihadhari na trela za uongo. Sasa hivi mtandaoni zimejaa za Frozen ya tatu, wakati yenyewe ni ya Novemba 2027. Zinaungwa kwa akili bandia na vipande vya filamu za zamani. Angalia kama imewekwa na akaunti ya studio yenyewe, siyo jina linalofanana nalo. Angalia pia mikono na nywele: mhusika akigeuka na vazi likabadilika, au midomo ikicheza bila kufuata maneno, achana nayo. Tarehe ya kutoka isipotajwa popote isipokuwa kwenye video hiyo, ndiyo hivyohivyo.

Na zile zinazouzwa kwenye flashi wiki ya kwanza, zimerekodiwa ukumbini kwa simu. Rangi zimepauka, sauti ina mwangwi, na kuna kichwa cha mtu kinapita mbele ya kioo. Katuni ndiyo inayoumia kuliko filamu nyingine, kwa kuwa kazi yote iko kwenye rangi. Kibanda umiza, lile banda la video la mtaani, nacho kina raha yake, yule mtafsiri anaipa hadithi ladha ya mtaani, lakini anaongea juu ya nyimbo na matani mengine si ya masikio ya mdogo.

Siku ya kwenda, chagua onyesho la mchana, ikiwezekana siku ya kazi. Mkienda Mlimani City Jumamosi jioni, foleni ya Mwenge na Sam Nujoma itawamalizia furaha njiani. Chukua tiketi za 2D. Miwani ya 3D inamvuka puani mtoto mdogo, picha inapungua mwanga, na kila dakika anaivua. Kaeni safu za katikati lakini viti vya pembeni, upande wa njia, ili safari ya chooni isiwakanyage watu. Chooni aende kabla hamjaingia, wakati matangazo na trela zikichezwa mna muda bado. Bisi ndogo moja inawatosha wote wawili, soda ipunguze. AC ya mle ndani ni kali, beba kanga ya kumfunika na sweta la mkubwa. Na sauti za mwanzo zikimtisha mdogo, usimtoe hapohapo, mpakate na mzibe masikio kidogo. Mara nyingi tatizo ni ukubwa wa sauti, picha wala haimsumbui.

Shule ikitoa tarehe ya kufunga nitumie meseji, niangalie ratiba ya ukumbi wiki hiyo. Kama mnaingia baada ya tarehe 19, tunaenda Toy Story Jumatatu au Jumanne yake, watu wanakuwa wamepungua. Na uniletee embe za huko, hizi za hapa bei haishikiki.

Wasalimie wote.

Ni mimi shoga yako.