Ndovu wa vitabuni hajawahi kufika Mlima Elgon

Mhariri,

Hadithi ya ndovu mfalme aliyemkimbia panya, kisha akatulizwa kwa mfuko wa karanga, iliyotoka katika ukurasa wako wa watoto majuzi, imewachekesha sana wanafunzi ninaowasomea vitabu kila Jumamosi hapa Kitale. Hata mimi ilinichekesha. Swali langu ni dogo tu: mwandishi alimpata wapi ndovu huyo? Tsavo hayuko, Amboseli hayuko, na huku kwetu Mlima Elgon hayuko. Ndovu wa Kenya hula nyasi, majani, matawi na maganda ya miti, na akipenya shambani hula mahindi ya watu bila kubisha hodi. Aliyezizoea karanga ni ndovu wa sarakasi na bustani za wanyama za Ulaya na Marekani, aliyekuwa akirushiwa na watazamaji. Mwandishi wetu amemtoa kitabuni, na kitabu hicho nacho kilimtoa katika kitabu kingine.

Nimefundisha shule za msingi za Trans Nzoia hadi nikastaafu, na vitabu vingi vya hadithi za ndovu vimepita mikononi mwangu. Vipange mezani uvitazame. Ndovu wa humo ni wa namna mbili: wa kupigwa risasi, na wa kuvalishwa nguo.

Tuanze na wa risasi. Watu wa rika langu tulikua na Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1929 ya kitabu cha Mwingereza H. Rider Haggard cha mwaka 1885. Ni hadithi tamu, na simnyang'anyi mtu utamu wake. Lakini irudieni ile sehemu ya uwindaji. Allan Quatermain na wenzake wako safarini kumtafuta mtu aliyepotea, hawana haja yoyote na ndovu. Wanakutana na kundi lao, na Quatermain anasema dhamiri yake ingemsuta kama angeliacha kundi zuri namna ile lijiendee. Dhamiri! Kapteni Good, aliyeng'ang'ania kuvaa suruali na viatu vya mjini huko porini, anateleza mbele ya dume lililojeruhiwa. Khiva, kijana wa Kizulu, anamrushia ndovu mkuki usoni ili bwana wake apone. Ndovu anamgeukia Khiva, anamkanyaga na kumrarua vipande viwili. Kisha wawindaji wanahesabu ndovu tisa waliokufa, wanamaliza siku mbili wakitoa pembe, wanazifukia mchangani chini ya mti mkubwa ili wazirudie, na safari inaendelea.

Nilipowasomea watoto kisa hicho, msichana mmoja aliuliza, "Mwalimu, mamake Khiva aliambiwa?" Nikapekua kurasa zilizofuata. Kitabu hakisemi.

Sitaki kitabu hicho kipigwe marufuku. Nataka kisomwe sambamba na mambo mengine. Mtoto akimaliza kurasa za zile pembe zilizofukiwa, aonyeshwe picha ya Julai 1989, Rais Moi akiwasha moto tani 12 za pembe pale Nairobi, nchi ikiwa imebakiwa na ndovu wapatao 16,000 kutoka 167,000 mwaka 1973. Aambiwe pia kwamba Mumias, kabla haijajulikana kwa miwa, ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Pwani kutafuta pembe. Hapo ataelewa kwa nini babu wa babu yake alimjua ndovu na yeye hamjui.

Wa kuvalishwa nguo anayejulikana kuliko wote ni Babar, aliyetungwa na Mfaransa Jean de Brunhoff mwaka 1931. Kurasa za mwanzo kabisa mwindaji anampiga risasi mamake. Babar analia, anakimbia hadi mjini, bibi kizee tajiri anampa pesa, ananunua suti ya kijani na kujifunza adabu za mezani. Kule msituni mfalme mzee anakula uyoga mbaya, anakufa, na ndovu wanamtawaza Babar kwa kuwa ameishi na watu na amejifunza mengi. Picha zake ni za kupendeza mno, na angalau humo mama ndovu anaombolezwa. Lakini funzo analobaki nalo mtoto ni kwamba ndovu hafai kuwaongoza wenzake mpaka avae suti.

Kuna atakayeniambia kwamba hata ngano zetu zinamdhihaki ndovu. Ni kweli. Ile ya sungura aliyewapa ndovu na kiboko ncha mbili za kamba moja, wakavutana kutwa nzima kila mmoja akidhani anashindana na sungura, niliisikia kwa nyanya yangu kabla sijaanza shule. Tofauti ni kwamba waliozitunga ngano hizo walimjua ndovu. Walijua mapito yake na kinyesi chake, na walijua ni wakati gani wa kumpisha. Kumfanya mjinga kulichekesha kwa sababu kila aliyeota moto pale alijua fika kwamba si mjinga. Mtoto wa Kisumu leo anaweza kumwona kiboko ziwani, ndovu hamwoni. Wa Nakuru ana mbuga mlangoni pake yenye vifaru, twiga na heroe, ila Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru haina ndovu. Kwa watoto kama hao, ndovu ni yule wa kitabuni. Kitabu kikisema anamwogopa panya, basi anamwogopa panya, na mtoto atakwenda na hilo hadi chuo kikuu.

Na michoro jamani! Nina kitabu hapa cha Gredi ya 3, hadithi yake inatokea Kenya, na ndovu aliyechorwa jaladani ni wa Bara Hindi: masikio madogo, mgongo uliobinuka, kipaji chenye vinundu viwili. Wetu ana masikio mapana yanayofika mabegani, mgongo wake umebonyea katikati, na ncha ya mkonga wake ina vidole viwili, si kimoja. Mchoraji angetoa tu sarafu mpya ya shilingi 20 mfukoni akaitazama.

Haya yote yakiendelea, kisa cha ndovu kinachovishinda vyote nivijuavyo kiko hapa juu, ukishapita Endebess, nami sijakiona katika kitabu chochote cha hadithi cha Kiswahili. Ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon, iliyoanzishwa mwaka 1968, kuna mapango: Kitum, Makingeny, Chepnyalil, Ngwarisha. La Kitum limeingia mlimani karibu mita 200. Mvua za mlima huu huiosha chumvi ardhini, majani yakakosa chumvi ya kumtosha mnyama mkubwa hivyo. Mfugaji humnunulia ng'ombe wake magadi dukani. Ndovu wa Elgon huenda kujichimbia.

Huja zaidi usiku, familia nzima, wakipanda kwa mstari. Wakishapita mlango wa pango hawaoni kitu, basi mkonga ndio unaotangulia. Ncha yake inapapasa sakafu, inagusa jiwe lililoporomoka, inalikwepa, ndipo mguu unafuata. Ndama hubanana na mamake, maana humo ndani kuna ufa mkubwa, na mifupa ya ndama waliotumbukia imeonekana chini yake. Wakiufikia ukuta wenye chumvi hutia pembe kwenye mwamba, wakabandua kipande, wakakitia kinywani kwa mkonga na kukisaga kwa magego, popo wakizunguka juu. Ukiingia mchana na tochi utaziona alama za pembe zimejaa ukutani, mikwaruzo juu ya mikwaruzo, mingine imefika juu kuliko kimo cha mtu. Mskochi Joseph Thomson alipoyafikia mapango ya mlima huu mwaka 1883 alidhani yamechimbwa na watu wa kale. Waliokuja kuchunguza baadaye wanaona kwamba ndovu wenyewe wamechangia pakubwa kuyapanua mapango kama Kitum, kwa kuubandua mwamba kizazi baada ya kizazi.

Hadithi gani ya kisiwa cha hazina inakishinda kisa hicho? Giza lipo, shimo la mauti lipo, hazina ipo ukutani, na yupo nyanya anayeijua njia. Maana kiongozi wa familia ya ndovu ni jike mzee. Madume huondoka wakibalehe, wakiwa na miaka 12 hadi 15 hivi. Mwandishi anayetaka mfalme mwenye taji anajikosesha mhusika aliye bora mara kumi, ajuza anayekumbuka maji yalikuwa wapi mwaka wa kiangazi kikali.

Hata mazungumzo hayahitaji kubuniwa sana. Mwaka 2024 watafiti waliochambua milio ya ndovu wa Amboseli na Samburu walitangaza kwamba ndovu huitana kwa milio inayofanya kazi kama majina. Walipomchezea ndovu mlio uliokuwa umeelekezwa kwake, aliitikia na kukaribia upesi kuliko alipochezewa wa mwingine. Na anayetaka ndovu mwoga, yupo: anawaogopa nyuki. Wakulima wa Sagalla, karibu na Voi, huzungushia mashamba yao mizinga iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na bwana mkubwa anageuza njia. Inachekesha kuliko panya, tena ni kweli.

Wageni wengi, kwa taarifa yako, wamelisikia jina la Kitum kwa sababu ya virusi vya ugonjwa hatari wa Marburg, kwani wagonjwa wawili, wa mwaka 1980 na wa 1987, walikuwa wamelitembelea pango hilo. Wamarekani wamekwisha kulitumia katika kitabu cha kutisha kilichouzwa mno duniani. Sisi hatujalitolea hata kitabu chembamba cha Gredi ya 2.

Siombi ndovu aandikwe kama malaika. Anayelala shambani akipiga debe hadi alfajiri kulinda mahindi yake hataki kusikia habari za ndovu mpole, na ana haki. Kule Trans Mara kuna watoto wanaochelewa shule au kuikosa kabisa kwa kuwa ndovu wako njiani asubuhi. Mpe mtoto huyo hadithi ya ndovu anayembeba sungura mgongoni, atajua mara moja kwamba aliyeiandika hajawahi kukutana naye. Hadithi nzuri ina nafasi ya ekari ya mahindi iliyolazwa usiku mmoja, na ina nafasi ya majangili wa miaka ya 1980 waliowamaliza ndovu wengi wa Elgon, hivi kwamba wanaoingia pangoni leo ni wachache mno. Watoto wanayaweza hayo. Kama waliweza kusoma kuhusu Khiva, haya hayatawashinda.

Wachapishaji watanijibu kwamba kitabu cha hadithi kisichoidhinishwa na KICD, taasisi ya serikali inayokagua vitabu vya shule, hakiuziki shuleni. Basi kiandikwe vizuri, kipelekwe, kiidhinishwe. Wampe mwandishi na mchoraji nauli ya kuja hadi lango la Chorlim, wawaulize askari wa mbuga kuhusu usalama wa mapango kabla ya kuingia, kisha wakae na wazee wa Wasabaot na Waogiek wa Chepkitale. Wasabaot waliwahi kuishi katika mapango ya mlima huu pamoja na mifugo yao, na wana simulizi ambazo sijaziona zikichapishwa popote.

Ukurasa wako wa watoto, Mhariri, hauhitaji kungoja idhini ya mtu. Utengee nafasi ya majuma manne, kisa cha Kitum kitoke kwa mfululizo, na mchoraji wako afanye kazi akitazama picha za ndovu wa Kenya. Mswada ukiwa tayari nitumie niupitie. Sidai malipo, na nitaurudisha kabla ya juma kwisha.

Mwalimu mstaafu,
Kitale, Trans Nzoia