Barua ya wazi kwa Mjomba, mwalimu wa kwaya: Wagogo hawajatoka nje ya ufunguo

Shikamoo Mjomba,

Salamu kwa wote hapo Muheza. Ile video ya akina mama wa Kigogo wa Dodoma wakiimba na kupiga ngoma, niliyoituma kwenye kundi la familia, uliijibu kwa sentensi moja tu: wanajitahidi, lakini sauti hazikai kwenye ufunguo. Nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu neno hilo nimelisikia kwa walimu wa kwaya wengi, watu ninaowaheshimu, na kila nikilisikia linanichoma. Wewe ndiye uliyetufundisha kusikiliza. Kwa hiyo naomba unisikilize.

Chamwino ni mwendo mfupi tu kutoka Dodoma mjini. Watu wengi siku hizi wanaijua kwa sababu ya Ikulu, lakini mimi nilikwenda kwa ajili ya tamasha la muziki wa Kigogo, ambalo hufanyika Julai, mavuno yakishaingia ndani na vumbi limetanda kila mahali. Kabla ya lolote, akina mama wa kikundi kimoja walikoka moto wa nyasi kavu kando ya uwanja. Kila mmoja aliinamisha ngoma yake juu ya moto, akaizungusha, akaigonga kwa vidole viwili, akatega sikio, akairudisha motoni. Mama mmoja aliirudisha mara nyingi hadi wenzake wakaanza kumwita, naye hakushtuka. Aliendelea mpaka ngozi ikasema anachotaka. Mjomba, mtu asiyejali sauti hafanyi hivyo.

Ngoma hiyo ndiyo muheme, na wapigaji wake kwa asili ni wanawake. Hawaiweki chini wala hawaivai shingoni. Wanaibana katikati ya mapaja, wakainama kidogo mbele, na mikono yote miwili inashuka juu ya ngozi. Ikaanza ngoma moja, pigo fupi lisilobadilika. Ikaingia ya pili kwenye nafasi iliyoachwa na ya kwanza, ikaja ya tatu, na baada ya muda sikuweza tena kusema pigo lipi ni la nani. Mabega yanacheza, shingo zinacheza, ushanga unaruka na kutua na kuongeza pigo lake. Juu ya hayo yote wanaimba.

Sasa tuje kwenye ufunguo. Chukua lile gitaa la kwaya. Piga uzi mmoja mnene huku umeugusa kwa ncha ya kidole, bila kuukandamiza, kwenye robo ya urefu wake. Kisha gusa kwenye sehemu moja ya tano, moja ya sita, moja ya saba. Utasikia do, mi, so, halafu ta, yaani ti iliyoshushwa. Ukiwa na subira, moja ya nane itakupa do ya juu na moja ya tisa itakupa re. Sauti hizo hakuna binadamu aliyezitunga, zimo ndani ya kila uzi uliokazwa. Na skeli ya Wagogo ndiyo hiyo: do, mi, so, ta, do, re. Fa haimo, la haimo, na ti yetu haimo. Tena ile ta ya kwenye uzi iko chini ya ta ya kinanda chako kwa karibu theluthi ya nusu toni. Hapo ndipo sikio lako lilipokwaruzwa, Mjomba. Ulikuwa unapima kwa kinanda watu wanaoimba kwa kipimo cha zamani kuliko kinanda.

Kuna jambo lililonifurahisha zaidi. Wanapoimba sauti mbili, kila mtu humpata mwenzake kwa kuruka hatua moja ya skeli. Wa do anampata wa so, wa so anapata do ya juu, wa ta anapata re. Na wa mi? Anapata ta. Nakumbuka ulivyotufundisha kwamba mi na ta zikikutana zinagombana, hivyo lazima zitulizwe haraka, moja iende fa na nyingine iende la. Wagogo hawana fa wala la ya kukimbilia, na hawana haja nayo. Wanazikutanisha hizo mbili, wanazishikilia, na kifua chako kinatetema. Nilisimama karibu na akina baba wakiimba namna hiyo, wengine kwa sauti nyembamba ya juu kabisa, na nikatamani ungekuwa pembeni yangu.

Nisikufiche upande mwingine wa habari hii. Muheme haikuwa ngoma ya jukwaani. Ilikuwa ya unyago, ilipigwa wasichana walipokuwa wanatolewa utotoni, na unyago huo ulikwenda pamoja na ukeketaji. Sheria ya mwaka 1998 ilipiga marufuku kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na mimi nasema afadhali, sioni ngoma yoyote duniani inayostahili kulipwa kwa damu ya mtoto. Wapo wanaosema basi na ngoma yenyewe ingezikwa hukohuko. Siwakubali. Nilichokiona Chamwino ni wanawake wazima wakiongoza, wakikatiza, wakirekebisha, na wasichana wadogo wakiwa nyuma yao wanaiga mikono. Kile kilichokuwa cheo chao kwenye unyago, wanawake hao wamekitoa salama bila kisu. Leo muheme inapigwa hadi kanisani, kwa nyimbo za Kigogo za kumsifu Mungu, na wanaume nao wameingia kuipiga. Wewe uliyetumia miaka kutafuta nyimbo za ibada zenye ladha ya nyumbani ungepaswa kuwa wa kwanza kuisikiliza.

Jambo linalonikera ni jinsi taifa zima linavyoijua ngoma hii kwa vipande. Kiongozi anashuka kwenye gari, akina mama wanapiga, kamera inawapitia, mgeni anaketi, mtu mwenye kipaza sauti anasema asanteni, na ngoma inakatwa katikati ya wimbo. Nimeona hivyo mara nyingi mno. Hakuna anayekatiza kwaya kwenye ubeti wa pili. Wimbo wa muheme una mwanzo, una mahali unapopanda, una mahali ambapo kiongozi anawapa wenzake ishara kwamba sasa tunamaliza. Ukiusikia kwa dakika moja utadhani ni kelele za kushangilia tu, kwa sababu dakika moja haitoshi hata ngoma zote kuingia.

Jioni niliketi na mpigaji wa ilimba, ile ambayo sisi pwani tungeiita marimba ya mkono, sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma. Kwenye sanduku pana tundu, na juu ya tundu amebandika utando wa buibui. Akibonyeza vijiti, utando unatetema na sauti inatoka na mvumo mwembamba. Vijiti vingine hakuvigusa kabisa. Viko pale viitikie vyenyewe wenzao wanapopigwa. Hii ndiyo ala iliyomfikisha marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefanya kazi Bagamoyo, kwenye majukwaa ya Ulaya na kwingineko hadi alipofariki mwaka 2003. Huko nje walikaa kimya wakamsikiliza mpaka mwisho. Sisi tunamjua kwa jina tu, na wengine hata jina hawalijui.

Ombi langu ni hili, Mjomba. Usiuchukue wimbo wa muheme ukaupanga kwa sauti nne na kinanda, maana nakujua, mkono utakuwasha. Njoo kwanza Julai. Kutoka Muheza shuka Dar, pale panda treni ya umeme, nitakupokea stesheni ya Dodoma. Njoo na wale vijana wawili wa besi wenye masikio, na hilo gitaa usiliache.