Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: turudishie wauguzi kabla ya kutuletea vidonge

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Waraka wa kuwapima wazee wote kumbukumbu

Kwa heshima inayostahili ofisi yako, nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizozipitisha kwa mganga mfawidhi, na kupitia kwake hadi wizarani, zimeishia masjala. Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya akili katika hospitali ya umma. Wagonjwa wangu wengi siku hizi ni wazee wanaosahau, na nyuma yao wanakuja mabinti na wakwe waliochoka kuliko wao.

Wiki iliyopita nililetewa mwalimu mstaafu aliyepasuka paji la uso baada ya kuzimia bafuni. Familia yake imeniruhusu nieleze yaliyompata bila kumtaja jina. Mama huyu alipita kwenye kampeni ya majaribio, ile ile ambayo waraka wako sasa unataka ifanyike kila mahali. Aliulizwa tarehe, akaambiwa ahesabu kwa kurudi nyuma, akatajiwa maneno ayakumbuke baada ya dakika chache. Akashindwa. Akaambiwa ana Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaomaliza kumbukumbu, na kuanzishiwa donepezili, dawa ya ugonjwa huo. Baada ya muda mkojo ukawa unamtoka, akaongezewa dawa ya kibofu. Kumbukumbu ikazidi kuvurugika, dozi ya donepezili ikapandishwa. Mapigo ya moyo yakashuka, akaanguka.

Yaliyompata hayakuwa bahati mbaya. Donepezili huongeza asetilikolini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupashana habari. Kemikali hiyo hiyo hukaza kibofu na kupunguza mwendo wa moyo. Dawa nyingi za kutuliza kibofu, kwa upande wake, huizuia. Kwa hiyo mama huyu alikuwa akimeza dawa mbili zinazopigana, ya pili ikitibu madhara ya ile ya kwanza na kuharibu kumbukumbu iliyokuwa ikitafutiwa tiba. Watafiti wa Kanada waliueleza mnyororo huu wa dawa kuzaa dawa mwaka 2005. Hakuna aliyepaswa kushtukizwa nao leo.

Nilipokaa naye niligundua kwamba hasikii vizuri. Hakuna aliyempima masikio kabla ya kumtajia yale maneno. Mumewe alikuwa amefariki miezi michache kabla ya upimaji, na mama huyu halali usiku, chakula hakipiti. Huenda kweli ana demensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa akili, ambayo Alzheimer ni aina yake mojawapo, sikatai. Lakini hilo halijulikani kwa dakika kumi chini ya turubai, na halijulikani kabla ya kuangalia tezi ya shingo, vitamini B12, sonona, maambukizi, na orodha nzima ya dawa anazotumia.

Mheshimiwa, waraka wako unasema lengo ni kuwafikia wagonjwa mapema. Ni lengo jema. Ila kumpima mtu asiye na lalamiko lolote ni jambo tofauti kabisa na kumsikiliza mtu ambaye familia yake imeona amebadilika. Jopo la Marekani linaloshauri kuhusu huduma za kinga lilipitia suala hili mwaka 2020, likasema ushahidi hautoshi kupima faida na madhara ya kuwachunguza wazee wasio na dalili. Sisi tumepata wapi uhakika ambao wao hawakuupata?

Tabia hii ya kugeuza kila hali ya maisha kuwa ugonjwa haikuanza wizarani kwako. Imetoka ndani ya taaluma yangu. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilitoa toleo la tano la mwongozo wake wa utambuzi. Kiliondoa kipengele kilichomkinga mfiwa, katika wiki za mwanzo za msiba, asihesabiwe kuwa na sonona. Toleo hilo hilo likaingiza hali nyepesi ya kupungua kwa uwezo wa akili kama ugonjwa wa kuandikwa kwenye faili. Allen Frances, aliyeongoza kikosi kazi cha toleo lililotangulia, alipinga hadharani. Mstari ukisogezwa, watu wanalala wazima na kuamka wagonjwa. Wengi wenye usahaulifu mwepesi hawaishii kwenye demensia, na baadhi yao hurudi hali ya kawaida. Lakini neno "Alzheimer" likishatamkwa mbele ya watoto, mzee hapewi tena fedha zake kushika, haulizwi tena ushauri, na kila anapokosea jina la mjukuu watu wanatazamana.

Na hao tunaowabaini, tunawapa nini? Dawa za kundi la donepezili hutoa nafuu ya wastani isiyofika pointi tatu katika kipimo cha pointi 70. Ufaransa ilizitazama dawa nne za demensia, yaani donepezili, galantamini, rivastigmini na memantini, na kuanzia Agosti 2018 ikaacha kuzilipia kutoka kwenye bima yake ya umma kwa kuona manufaa hayatoshi. Mimi sizikatai dawa hizi. Ninao wagonjwa ambao zimewasaidia, hasa wenye aina nyingine ya demensia, iitwayo ya miili ya Lewy, wanaoona watu wasiokuwepo. Ninachokataa ni kuzigawa kwa foleni.

Waraka unagusia pia "kujiandaa kupokea tiba mpya". Hapo naomba unisikilize kwa makini zaidi. Lekanemabu, dawa mpya ya Alzheimer inayosifiwa sana, ilijaribiwa kwa watu 1,795 wenye ugonjwa wa hatua za mwanzo. Baada ya miezi 18, tofauti kati ya waliopewa dawa na wasiopewa ilikuwa pointi 0.45 katika kipimo cha pointi 18. Wote waliendelea kudhoofika, ila waliopewa walidhoofika polepole kidogo. Asilimia 12.6 ya waliopewa walivimba ubongo kwa namna iliyoonekana kwenye picha, ingawa wengi wao hawakuhisi dalili. Katika jaribio hilo dawa yenyewe iliingizwa kwa dripu kila wiki mbili, na mgonjwa anahitaji picha za ubongo za MRI mara kwa mara. Dawa hiyo ilipoingia sokoni nchini Marekani mwaka 2023, bei yake ilitangazwa kuwa dola 26,500 kwa mwaka, kwa mgonjwa mmoja, bila gharama za picha na dripu. Kabla yake kulikuwa na adukanumabu, dawa nyingine ya Alzheimer, iliyoidhinishwa huko mwaka 2021 ingawa washauri wa mamlaka ya dawa ya nchi hiyo walikuwa wamepiga kura ya kutoiunga mkono. Washauri watatu walijiuzulu. Mwaka 2024 kampuni ikatangaza kuachana nayo. Haya yako wazi kwa kila mtu. Wizara inayajua, au inapaswa kuyajua, kabla ya kutenga hata senti moja.

Sasa nieleze kilichoniuma kuliko yote. Katika hotuba yako ya bajeti uliahidi kwamba wauguzi wa kuwatembelea wazee majumbani wataongezwa katika kila hospitali ya ngazi yetu kabla ya mwaka wa fedha kuisha. Sisi tulikuwa nao wawili. Wote wawili wamehamishiwa kwenye kampeni ya upimaji. Ahadi haikukawia tu, imerudi kinyumenyume.

Nadhani najua sababu, ingawa hakuna aliyenieleza. Kampeni inatoa idadi ya kupeleka kwenye ripoti: waliopimwa, waliobainika, walioanzishiwa dawa. Mzee ambaye hakuanguka kwa sababu muuguzi aliona giza lile la njia ya msalani hana safu kwenye fomu yoyote.

Wauguzi wale walikuwa wanafanya kazi ambayo mimi siwezi kuifanya nikiwa nimekaa kliniki. Mzee anapoanza kupiga kelele usiku au kumpiga anayemwosha, mara nyingi kuna kitu: maumivu ya jino, choo kilichofunga, mkojo wenye maambukizi, miwani iliyopotea. Muuguzi anayefika nyumbani anakiona. Asipofika, binti anakuja kwangu machozi yakimtoka na kusema, daktari, mpe kitu alale. Kitu hicho ni haloperidoli na ndugu zake, dawa za kutibu wazimu ambazo pia hutuliza. Tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imekuwa ikionya kwamba dawa za kundi hili huongeza vifo kwa wazee wenye demensia. Katika majaribio ya takriban wiki kumi waliokufa walikuwa kama asilimia 4.5 ya waliopewa, na 2.6 ya wasiopewa. Onyo la mwanzo lilihusu dawa mpya za kundi hilo, na mwaka 2008 likapanuliwa hadi zile za zamani. Kila ninapokataa kuandika, najua binti yule anarudi nyumbani mikono mitupu, na usiku wake utakuwa ule ule.

Nalijua hilo kwa sababu naliishi. Mama yangu mzazi ana demensia. Dada yangu aliacha kazi ili amtunze, na mimi natoka kliniki jioni nimeishiwa nguvu, namkuta yeye ameishiwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake ndio wanaobeba karibu asilimia 70 ya saa za kuwatunza wenye demensia. Katika bajeti yako saa hizo hazionekani popote. Hazilipwi, kwa hiyo inachukuliwa kwamba hazina gharama.

Mei 2017, Geneva, nchi zote wanachama wa shirika hilo zilipitisha mpango wa kukabiliana na demensia, na msaada kwa walezi uliandikwa humo kwa maneno yasiyohitaji tafsiri. Mwaka 2024 jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilisema karibu asilimia 45 ya demensia duniani inahusishwa na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa: kutosikia, kutoona vizuri, shinikizo la damu, kisukari, upweke na mengineyo. Katika kliniki yetu dawa za shinikizo huisha kabla ya mwezi kuisha, na vifaa vya kusaidia kusikia hatuna kabisa. Donepezili ipo, makasha yamejaa stoo.

Nilikuwa nimeandaa maombi mengi. Kusitisha waraka. Kupitiwa upya kwa dawa zote za kila mzee kabla ya kumwongezea nyingine. Kupima masikio kwanza. Bado nayaomba yote, lakini nimeshaona jinsi orodha ndefu zinavyojibiwa, basi nabakiza moja.

Turudishie wauguzi wetu wawili. Hilo halihitaji bajeti mpya, kwa sababu mishahara yao inalipwa tayari. Halihitaji kamati. Linahitaji barua ya uhamisho yenye sahihi ya ofisi yako. Yule mwalimu anatoka wodini wiki ijayo, tumeshamwachisha dawa zote mbili, na anahitaji mtu wa kwenda kumwangalia nyumbani, kumpima mapigo na kutuambia kama akili yake imetulia. Kwa sasa mtu huyo hayupo.

Naomba nijibiwe kwa maandishi, Mheshimiwa, kabla hajaruhusiwa.

Wako katika utumishi wa umma,

Daktari bingwa wa magonjwa ya akili