Ninunue RunX mgonjwa au Swift mwongo?

Yaya Mshauri,

Jambo sana. Mimi ni baba wa watoto wawili, nina miaka 36, ninafundisha hesabu katika shule ya sekondari hapa Lubumbashi, na jioni ninashika daftari la duka la shemeji yangu. Nimecheza likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, miaka mitatu. Mwezi uliopita zamu yangu ilifika, na nikiunganisha na akiba ya nyumbani ninazo dola 6,500. Ukoo mzima unajua nizifanyie nini, isipokuwa mimi mwenyewe.

Mama Gloria, mke wangu, anataka tununue gari ya Toyota IST. Ana haki. Vipuri vyake vinapatikana kila kona na kila fundi anaijua hata akifumba macho. Lakini yaya, ukiniona nikiiendesha IST otomatiki kwenda Likasi utadhani ninatoka matanga. Ninataka gari ndogo ya giya za mkono, yenye injini inayoitika ukiikanyaga, na ambayo Jumatatu asubuhi itawaka nifike darasani kabla ya wanafunzi. Hayo tu.

Njia yangu ni hii: siku za kazi ni Kampemba mpaka shuleni, mashimo, matuta na vumbi. Kila Jumamosi ya pili ni Likasi kwa mama mkwe, kilomita kama 120, lami, na malori ya shaba yamepangana kama siafu. Tukirudi lazima kuwe na gunia la mahindi nyuma, maana mama mkwe hakubali mtu aondoke mikono mitupu.

Nilianza kwa kuota Toyota Altezza, kama kila kijana wa umri wangu. Ina usukani mzuri na inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Niliona tatu. Mbili zilikuwa otomatiki. Ya tatu ilikuwa ya mkono, lakini difu yake, ile inayoyaacha magurudumu mawili ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti, ilikuwa imechomelewa ili gari iteleze kwenye kona. Ukikata kona polepole sokoni tairi linalia watu wanageuka. Nikaachana nayo.

Mjomba aliye Ubelgiji ananiambia anitumie Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha tano, usukani wa kushoto kama sheria ya barabara zetu inavyopenda, injini 2.0 yenye tabo, yaani pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, nguvu za farasi 200. Na hapo amesema neno la maana, kwa kuwa mji wetu uko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo huku inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake; hewa ni nyepesi. Lakini nikilipa meli na ushuru nitabaki na usukani wenyewe bila gari. Pia injini ile ina kikombe kidogo kinachosukuma pampu ya petroli, ambacho hulika kimyakimya, na fundi wangu wa Katuba aliponisikia nikikitaja alicheka.

Basi zimebaki mbili, zote ziko hapahapa mjini na zina namba tayari.

Ya kwanza ni Toyota RunX, inauzwa Bel-Air kwa dola 5,200. Si zile za kawaida za 1.5. Hii ilitoka Afrika Kusini, nyuma imeandikwa RSi, injini 1.8 iitwayo 2ZZ, giya sita, karibu farasi 190 kwenye karatasi. Ndiyo injini ambayo Waingereza waliiweka kwenye Lotus Elise. Ina kemu, vyuma vinavyofungua vali, za tabia mbili: za upole kwa mjini, na za ukali zinazoamka mizunguko ikikaribia 6,000 kwa dakika. Haziamki injini ikiwa baridi, kwa hiyo anayekuonyesha gari ya namna hii alfajiri, akazunguka nawe mtaa mmoja na kukuambia ni nzima, hujaona kitu. Kuna pia boliti mbili za kupitishia oili kwenye shafti za roka, ile mikono inayosukumwa na kemu. Kwenye injini za mwanzomwanzo zilijulikana kwa kulika na kukatika, na zikikatika, ule ukali hauji tena.

Tukatoka njia ya Likasi, tukangoja joto lipande. Nikaingiza ya pili, nikakanyaga. Elfu nne, elfu tano, gari ni ya mwalimu. Ilipofika elfu sita sauti ikageuka, yaya, kama mtu aliyekuwa ananong'ona ghafla amesimama mezani akaimba. Nilicheka peke yangu kama mtoto. Halafu nikaingiza ya tatu, na ikasaga kama mchanga uliobaki ndani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Mwenyewe hakunificha. "Senkro ya tatu inaisha," alisema, yaani kile kipete kinacholainisha giya kuingia, "na gari inakunywa oili, lita moja kila kilomita 1,500. Springi nilizikata mimi mwenyewe, ujana." Gari inakwaruza tumbo kwenye kila tuta. Fundi alipima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, na zote nne zikatoka karibu sawa. Viungo vya chini ni vya Corolla, havinitishi. Kinachonitisha ni giaboksi, na ule uwiano wa kompresheni wa 11.5 kwa 1 unaodai petroli safi wakati mimi mara nyingine ninaokolewa na kadafi, muuza petroli wa mtaani, na chupa zake kando ya barabara.

Ya pili ni Suzuki Swift Sport ya Japani, ya mwaka 2008, dola 6,300. Injini 1.6, farasi 125, giya tano, cheni ya kuzungusha kemu badala ya mkanda. Haina mbwembwe, ila ni nyepesi na inakata kona kama panya. Rangi inang'aa, viti havina hata doa, giya zinaingia kama kisu kwenye bukari (ugali) ya moto. Gunia la mahindi linaingia kwa shida, lakini linaingia. Mama Gloria aliipenda papo hapo, na sauti yake ina uzito kuliko unavyodhani: magari haya mawili usukani uko kuume, na sisi tunapita kuume, kwa hiyo nikitaka kulipita lori yeye aliyeketi kushoto ndiye macho yangu. "Pita! Hapana, baba, ngoja!" Ndoa yetu imejengwa hapo.

Sasa sikiliza. Nilipofungua mlango wa dereva niliona kikaratasi kimebandikwa kwenye nguzo, maandishi ya Kijapani. Nilikipiga picha, mpwa wangu akakitafsiri kwa simu. Ni kumbukumbu ya kubadilisha oili, mwaka wa Heisei 26, yaani 2014: kilomita 83,412. Dashibodi leo inasema 79,000 na kitu! Nikainama kwenye matairi. Yana meno mazito, lakini ubavuni tarakimu nne zinasomeka 3512, wiki ya 35 ya mwaka 2012. Muuzaji aliapa kwa jina la mamaye kwamba yeye aliinunua hivyohivyo, na huenda ni kweli.

Unajua kwa nini jambo hili linanikaa rohoni? Gari yangu ya kwanza, jina silitaji, niliuziwa ikiwa na oili nzito iliyotiwa ili kuficha kelele. Wiki ya pili ikaanza kugonga, ya tatu ikalala, na mimi nikatembea kwa miguu mwaka mzima.

Fundi anasema, "Mwalimu, Swift imeongopa kilomita, lakini mwili wake hauongopi, nenda nayo." Shemeji anasema mtu aliyekubali kukuambia ubaya wote wa RunX yake amekwisha kukupunguzia nusu ya hasara. Mke wangu amerudia IST.

Swali langu ni hili. Nikichukua RunX ninabaki na dola 1,300 za giaboksi, springi za kawaida na oili. Nikichukua Swift ninabaki na dola 200, ambazo hazitoshi hata matairi manne mapya, na sijui injini imetembea 90,000 au 190,000. Je, kuna njia ya kupima umri wa kweli wa Swift bila kuifungua injini? Na giaboksi ya giya sita ya RunX, inatengenezeka huku kwetu, au nitabaki ninangoja kipuri kutoka Lusaka hadi mvua ziishe?

Mwenye RunX amenipa mpaka Jumamosi ijayo. Nijibu kabla, yaya.

Baba Gloria,
Kampemba, Lubumbashi